Abiria wa Meza ya 14 na Pudini Asiyoimaliza

Alikuwa amelipia safari yake karibu mwaka mzima kabla. Siku hiyo ameshuka kwenye ndege, amepanga foleni bandarini, ameonyesha pasipoti, amepigwa picha ya kadi ya chumba, ndipo akaingia kwenye meli yenye sitaha kumi na tano, ukumbi wa maonyesho na lifti za vioo. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni mwa ukumbi wa chakula, nimevaa lile tabasamu tulilofundishwa. Hakuuliza bwawa liko wapi. Hakuuliza kesho tunatia nanga wapi. Aliniinamia kama mwenye siri, akasema: "Kijana, ile pudini ya mkate bado ipo?"

Nikamwambia ipo. Akashusha pumzi, akarudi mbio kwenye lifti kumpasha habari mkewe.

Nimefanya kazi melini kwa mikataba miwili, kila mmoja miezi minane hivi, nikiwa msaidizi wa mhudumu: yule anayemimina maji, anayeleta vikapu vya mkate, anayebeba trei ya sahani kumi na mbili begani huku akimwomba Mungu meli isiyumbe. Jina la kampuni nalihifadhi, kwa kuwa kuna mahali huko mbele sitaisifia. Swali la yule bwana nililisikia kwa sura nyingi, kutoka kwa vijana na wazee, matajiri na waliodunduliza miaka mitatu. Ile aiskrimu ya mashine ya pale bwawani inafungwa saa ngapi? Usiku wa kambakochi ni lini? Zile biskuti za usiku mnazo mwaka huu? Miezi ya kwanza nilichukulia kuwa huu ni ulafi tu wa watu walioshiba. Nilikuwa napata usingizi wa saa tano tu kila usiku, kwa hiyo huruma yangu ilikuwa fupi.

Ukikaa na abiria wazoefu utagundua kila kampuni ina chakula chake kinachotajwa kama mtu anavyomtaja ndugu. Wa Royal Caribbean watakutajia sandwichi ya Park Cafe: nyama ya ng'ombe ya kuoka, imekatwa nyembamba, ndani ya kummelweck, mkate wenye chumvi ya mawe na mbegu za kisibiti juu yake, ambao kwao hasa ni Buffalo, jimbo la New York. Wa Carnival watakuambia habari za keki ya chokoleti ya moto, ile ukiizamisha kijiko inamwaga rojo, na aiskrimu ya vanila pembeni. Hao hao watakubishania kuhusu baga za Guy Fieri, mpishi wa televisheni wa Marekani, zilizoanza kwenye meli zao mwaka 2011. Wa Holland America wana supu ya njegere ya Kidachi, wanayonywea sitahani meli ikipita mbele ya barafu ya Glacier Bay, Alaska. Wa Viking wana keki bapa za Kinorwe zenye umbo la moyo, na jibini la kahawia juu yake, kwenye kijimgahawa cha Mamsen's. Hilo ni jina alilokuwa akiitwa mama yake Torstein Hagen, mwanzilishi wa kampuni.

Sandwichi. Keki. Baga. Supu ya njegere. Na humo humo melini kuna migahawa ya kulipia, yenye taa hafifu na nyama iliyochaguliwa na watu wanaojua nyama. Watu huenda, hufurahi, hupiga picha. Lakini sijawahi kuona abiria akipanda meli na kuuliza kwa wasiwasi kama mgahawa wa kulipia bado upo.

Jibu linalotolewa haraka ni kwamba chakula cha meli ni cha bure, na cha bure hakina mwenyewe. Silikubali jibu hilo, ingawa halikosi ukweli. Mwaka 1998 Drazen Prelec na George Loewenstein walichapisha utafiti kuhusu uchungu wa kulipa, na hoja yao mojawapo ni kwamba kitu ulichokwisha kukilipia unakitumia kana kwamba hukukilipia kabisa. Uchungu ulishapita, umebaki utamu. Hilo linaeleza vizuri kwa nini mtu mwembamba anaagiza vitangulizi vitatu na vyakula vikuu viwili. Halielezi kwa nini mtu huyo huyo, akisimama mbele ya bafe ndefu kama barabara, anaipita yote akitafuta kitu kimoja. Kama ni bure, vyote ni bure. Kwa nini kimoja?

Kwa kambakochi jibu la bure linatosha. Kwenye safari ya siku saba mara nyingi huja usiku mmoja tu, ule wa kuvaa suti na magauni marefu, na usiku huo jiko hugeuka kiwanda. Mikia inaokwa kwa mamia, inapangwa kwenye trei, inakimbizwa mezani. Nimemwona bwana mmoja akila mikia sita huku shemeji yake akihesabu kwa sauti. Siku hizi baadhi ya kampuni hutoa mmoja, na wa ziada unaulipia. Manung'uniko yanayotokana na hapo hayalingani kabisa na pesa yenyewe. Lakini nikiwa msema kweli, mkia wa mezani kwetu ulikuwa umeshakauka kidogo, na kesho yake hakuna aliyeuzungumzia. Watu waliufuata kama mtu anavyofuata salio lake dukani. Haki yangu, nipe. Kile walichokipenda kilikuwa kingine.

Nilianza kuelewa kwa sababu ya zulia. Kwenye meli nyingi, sakafu ya lifti ina kizulia chenye jina la siku, Jumatatu, Jumanne, na kila usiku wa manane kuna mtu anayekuja kukibadilisha. Mwanzoni nililiona kama pambo. Baadaye, wiki ya tano au ya sita, niligundua kwamba bila kile kizulia mimi mwenyewe nisingejua. Bahari haina Jumanne. Dirishani ni maji jana, maji leo, maji kesho. Abiria hana kazi ya kuamkia, hana soko la Jumamosi, na simu haimpigii kelele kwa kuwa intaneti ya baharini mara nyingi ni ya kulipia. Siku tatu zikipita hivyo, mtu anaanza kuteleza. Ndipo chakula kinakuwa saa na kalenda. "Ilikuwa ule usiku wa kambakochi." "Tulikutana nao siku ile ya chai." Nimewasikia wakipanga safari nzima kichwani kwa vyakula, na bandari zikiwa katikati kama alama za kituo.

Meli zililijua hili zamani. Britannia, meli ya kampuni ya Samuel Cunard iliyoanza kuvuka Atlantiki mwaka 1840, ilibeba ng'ombe wa maziwa kwa ajili ya abiria. Baadaye, kwenye meli kubwa za Atlantiki, ikifika katikati ya asubuhi wahudumu walipita sitahani na vikombe vya mchuzi wa nyama wa moto, wakiwapa abiria waliojifunika mablanketi kwenye viti vyao virefu. Hakuna aliyekuwa na njaa saa hiyo. Kiamsha kinywa kilikuwa hakijashuka tumboni. Mchuzi ulikuwa unawaambia kwamba asubuhi imegawanyika mara mbili. Leo kwenye Queen Mary 2 wahudumu wenye glavu nyeupe humimina chai kila alasiri katika ukumbi wa Queens Room, na watu wazima hufika mapema kuwania meza kwa ajili ya vijisandwichi ambavyo nyumbani wasingevigeuzia shingo.

Na kuna gwaride. Bado linanichekesha. Usiku mmoja karibu na mwisho wa safari taa za ukumbi zinapunguzwa, muziki unapandishwa, na sisi wahudumu tunatoka jikoni kwa mstari, kila mmoja na Baked Alaska mkononi: aiskrimu juu ya keki, imefunikwa ute wa mayai uliopigwa na sukari mpaka ukawa povu gumu, kisha ikapitishwa kwenye moto mkali. Aiskrimu haiyeyuki kwa sababu povu limejaa hewa, na hewa iliyonaswa haipitishi joto upesi. Zamani ilikuwa inawashwa moto wa kweli. Moto ndiyo hofu kuu ya kila baharia, kwa hiyo kwetu zilikuwa taa ndogo za betri. Watu walisimama wakapunga vitambaa vya meza juu ya vichwa, wengine wakitokwa machozi. Halafu tunawapelekea vipande mezani, na nusu yake vinarudi jikoni vikiwa vizima. Nilimuuliza mwenzangu, mhudumu aliyekuwa melini miaka kumi na moja, kwa nini tunatengeneza kitamutamu kisicholiwa. Akanijibu: "Mdogo wangu, hicho si cha kula. Hicho ni cha kuja."

Cha kuja. Neno hilo nilikaa nalo.

Jikoni mwetu, juu ya kaunta ya kupokelea sahani, palibandikwa picha ya kila chakula cha usiku huo. Nyama inaangalia upande gani, mchuzi unaishia wapi, jani moja au mawili. Mapishi yaliandikwa kwa gramu. Idadi ilikadiriwa kutokana na safari zilizopita: abiria hawa ni wa umri gani, wanatoka nchi zipi, kesho ni siku ya bahari au ya bandari, upepo utakuwaje. Upepo ukiwa mkali nyama inashuka na supu inapanda. Wapishi walitoka nchi nyingi, na mkataba ukiisha wengine huletwa bila mapishi kubadilika hata chembe. Vyakula vinapakiwa kwa winchi na magari ya kunyanyulia siku ya bandari ya nyumbani, kwa saa chache, na kilichosahaulika kimesahaulika, maana katikati ya maji hakuna pa kwenda kununua.

Wajuzi wa chakula huudharau utaratibu huu, na ninaelewa kwa nini. Sahani inayofanana na picha mara elfu tatu kwa usiku si sanaa. Ila abiria wa kurudia hatafuti sanaa. Amerudi baada ya miaka miwili. Meli nyingine, njia nyingine, wahudumu wote wapya, hata zulia la korido limebadilishwa. Anaagiza pudini, anaweka kijiko mdomoni, na ni ile ile. Meli ni mahali pasipokaa mahali. Huwezi kurudi kwenye kona yake kama unavyorudi mtaani. Kitu pekee kinachomngoja pale pale ni sahani. Ule ufanano ambao mjuzi anaucheka ndio bidhaa yenyewe.

Kuna kingine ambacho ni bahari tupu, hakina fumbo. Upepo wa chumvi, kwa niliyoyaona, unaongeza njaa. Atakayebisha hajasimama sitahani asubuhi ya baridi. Supu ya njegere ya Alaska nadhani siri yake iko hapo. Njegere ni njegere. Lakini mtu amesimama saa mbili nje, pua imekufa ganzi, akingoja ukuta wa barafu umeguke, halafu mtu anamshikisha kikombe kizito cha moto. Anakumbuka mikono yake ilivyopata joto, na atakuambia ilikuwa supu bora kuliko zote. Siku za mawimbi nazo zina vyakula vyao. Tulikuwa tunapeleka vyumbani tufaha za kijani na biskuti kavu za chumvi kwa waliokuwa wanatapika, pamoja na tangawizi. Nimepata barua za shukrani kwa sababu ya tufaha. Kwa zile nyama zote nilizobeba, hakuna barua.

Na wengi wao huanza kula kabla ya kupanda. Wanazijua menyu za usiku wa kwanza hadi wa saba miezi kadhaa mapema, wanabishana kuhusu kilichoondolewa na kilichorudi. Mwaka 2010 Jeroen Nawijn na wenzake walichapisha utafiti uliofanywa kwa watu wazima wa Uholanzi zaidi ya 1,500: wenye safari walikuwa na furaha kuliko wasio nayo, ila tofauti hiyo ilionekana kabla ya kuondoka, wakisharudi, wengi wao hawakuwa tofauti na waliobaki nyumbani. Nikiwatazama wageni wangu haikunishangaza. Lakini huwezi kuingoja "bahari" kwa miezi kumi. Ni kubwa mno, haina pa kushika. Sandwichi ina pa kushika.

Meli zimekuwa kubwa mno pia. Icon of the Seas, iliyoanza kazi mwaka 2024, inaweza kubeba abiria 7,600 ikijaa, na ina sehemu zaidi ya ishirini za kula na kunywa. Mtu akiingia humo anahitaji kitu kidogo cha kuanzia, la sivyo atazunguka wiki nzima bila kufika popote.

Sisi wa chini tulikuwa na wetu. Mesi ya wafanyakazi ilikuwa na wali kila siku, asubuhi, mchana na usiku, pamoja na kile ambacho bafe ya juu haikukimaliza. Mara moja moja kambakochi aliyesalia alishushwa, na habari zilisambaa korido nzima kabla ya trei kufika mezani. Lakini kilichotusisimua sisi kilikuwa tambi za pakiti. Tulizinunua bandarini, tukazimwagia maji ya moto chumbani saa saba za usiku, watu wanne tumekaa kwenye vitanda viwili vya ghorofa, harufu ya viungo imejaa, chini ya usawa wa maji. Juu yetu kulikuwa na jiko linalopika usiku kucha. Hatukutaka cha jikoni. Tulitaka kitu ambacho hakikupitia picha ya kaunta. Nilikuwa nakula tambi hizo wakati nilipojiuliza kwa mara ya kwanza, kwa nini namcheka bwana wa pudini?

Huyo bwana, meza ya 14, alikuwa na tabia moja iliyonichanganya. Aliagiza pudini yake kila usiku, usiku saba. Ilipofika aliigeuza sahani kidogo, akaitazama, akala vijiko viwili. Viwili tu. Kisha akaweka kijiko chini na kuendelea na mazungumzo. Nilifikiri ni mgonjwa wa sukari. Usiku wa nne nikamuuliza kama ina kasoro. Akashangaa. "Hapana, iko sawasawa kabisa," akasema, kwa sauti ya mtu anayetia sahihi.

Alirudi kwenye mkataba wangu wa pili. Bahati tu, meli ile ile, meza nyingine, ila nilimjua. Na mlangoni akauliza swali lake, na mimi ndiye niliyepaswa kumjibu kwamba pudini imeondolewa. Ofisi iliyokuwa nchi kavu ilikuwa imeleta menyu mpya majuma matatu kabla. Mahali pa pudini paliwekwa kitu chenye tabaka tatu kwenye gilasi, kizuri machoni, rahisi kutengeneza mapema na kuweka kwenye friji. Sababu sikuelezwa, na msaidizi wa mhudumu haulizi. Lakini niliona kilichotokea ukumbini wiki hizo, na naamini aliyeamua hajawahi kusimama pale mlangoni. Kwenye karatasi alifuta mstari mmoja wa gharama za mkate na mayai. Wageni hawakupiga kelele kama kwa kambakochi. Walinyamaza, na hilo lilikuwa gumu zaidi kulihudumia.

"Basi hii si meli yangu," alisema. Hakuwa na hasira. Aliangalia dari, kama anayetafuta kitu kingine cha kuitambulia.

Nilimweleza mwoka mikate wa zamu ya usiku, mtu mnene mpole aliyekuwa haongei. Hakunijibu. Lakini mkate wa jana ulikuwepo daima, maziwa yalikuwepo, zabibu kavu zilikuwepo. Usiku wa mwisho nilipopita kuchukua vikapu aliusogeza kwangu mfuko wa karatasi bila kuinua macho. Ndani mlikuwa na vikombe viwili vya pudini, bado vya moto. Haikuwa kwenye picha yoyote, kwa hiyo mezani nisingeweza kuipeleka. Mkuu wa ukumbi angeiona. Niliviweka kwenye jokofu la kituo chetu.

Asubuhi ya kushuka, nusu yetu hupangwa kando ya ngazi kuelekeza watu. Karibu na mlango wa kutokea huwekwa pipa kubwa, kwa kuwa chakula hakiruhusiwi kuvuka kwenda forodhani. Kufika saa tatu huwa limejaa ndizi, tufaha na vitumbua vya kiamsha kinywa vilivyofungwa kwenye vitambaa vya karatasi. Nilimpa kile kikombe alipofika kwenye foleni. Cha pili nilimpa mkewe, akakitia kwenye mkoba. Mlinzi akawaonyesha pipa.

Yule bwana alilitazama pipa, akatutazama. Akatoka kwenye foleni, akaegemea ukuta, begi lake katikati ya miguu. Hakuwa na kijiko. Aliila yote kwa vidole, zabibu kavu moja moja mwishoni, huku watu mia mbili wakimpita na masanduku yao. Kisha akamnyooshea mkewe mkono, na mkewe akafungua mkoba akampa na cha kwake.